Vitwitwi Mia na Kumi na Wawili

Watu wanaokuja kunipa pole husema dada yangu alikuwa mtu mpole, nami huitikia kwa kuwa sina nguvu za kubishana na wageni. Hakuwa mpole. Nililala naye kitanda kimoja mpaka nilipofika miaka kumi na minne, nazijua kucha zake. Alikuwa mkaidi kunizidi, ila ukaidi wangu mimi uko mdomoni, na wake aliuweka mahali ambapo hata mumewe hakupajua. Mimi na shemeji tumepagundua mwezi uliopita, katika chumba changu cha kushonea, na tangu siku hiyo sidhani kama kuna kati yetu aliyelala usingizi wa maana.

Kazi yake ilikuwa ukarani wa masjala katika ofisi ya maji. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kisicho na dirisha, kilichojaa majalada mpaka darini, na yeyote aliyetaka jalada alilipata kabla hajamaliza kusalimia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, wa duara, kila herufi imetulia mahali pake. Walipoletewa kompyuta, mkuu wa ofisi alimwomba aendelee kuandika majina ya majalada kwa mkono, maana karatasi za mashine zilikuwa hazisomeki kutoka mlangoni. Mimi nikiandika utadhani kuku amepita na matope, ndiyo maana nikawa fundi cherehani.

Shemeji alimpendea mwandiko huo, na hajawahi kuficha. Ni mwalimu wa sayansi, mrefu, mwembamba, shati amelichomekea hata siku ya mapumziko, na wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Darubini. Alikwenda ofisi ya maji kulalamikia bomba la shule, akamwona dada akiandika jalada, akarudi wiki iliyofuata na malalamiko mengine yasiyo na kichwa wala miguu. Alipokuja mara ya nne, mama yetu akaambiwa. Wazimu wake ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wazi tangu mwanzo: kuhesabu ndege wa pwani. Kila mwezi, siku ambayo maji yanajaa sana, alikwenda kwenye mabwawa ya chumvi yaliyoachwa nyuma ya maghala, akawahesabu ndege waliokimbia maji na kujibana kwenye kingo, kisha akapeleka idadi kwa chama cha watu wenye wazimu kama wake. Baada ya harusi akamwambia mkewe, "Karani, mimi nahitaji mtu wa kuniandikia." Alimwita Karani mpaka siku ya mwisho, naye akamwita Mwalimu. Hawakujaliwa mtoto. Nadhani wale ndege ndio waliowapa kitu cha kungojea pamoja.

Itabidi nieleze kazi yenyewe. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, hata mimi namtambua. Taabu iko kwa vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbia kwenye tope. Kuna aina mbili zinazofanana kama mashati mawili ya jora moja: mgongo rangi ya udongo, tumbo jeupe, na kifuani pande zote mbili doa, kama mtu aliyetaka kuvaa skafu akaghairi. Chama kina majina marefu ya kuwaita. Dada na shemeji waliwaita tu wadogo na wakubwa. Wakisimama bega kwa bega, tofauti unaiona. Lakini mmoja akisimama peke yake, mita mia na hamsini, jua linachezacheza juu ya maji, huwezi kujua kama huyo ni mdogo aliye karibu au mkubwa aliye mbali. Wanasema utazame miguu, kwamba ya mdogo ni myeusi na ya mkubwa ni ya kijani kilichopauka. Sawa, lakini mguu uliotoka kwenye tope ni mweusi, awe nao nani. Wanasema basi utazame mdomo: ukiukunja kwa mawazo kuelekea nyuma ya kichwa, wa mdogo unaishia kwenye jicho, wa mkubwa unalipita. Shemeji alikuwa mtu wa mdomo. Aliweza kukaa nusu saa, jicho limeganda kwenye darubini, anakunja midomo ya ndege kichwani mwake.

Na walikuwa na sheria, ambazo shemeji alizipata kwenye chama akazifuata kama vidonge vya daktari. Mwenye darubini anataja, mwenye penseli anaandika, na mwenye penseli macho yake ni ya karatasi, ili wasihesabu wawili wakachanganya. Mwisho wa hesabu, aliyetaja anausoma ukurasa na kutia sahihi chini. Tena daftari halifutwi. Ukigundua kosa, unapiga mstari mmoja juu yake, unaandika iliyo kweli pembeni, na wote wawili, aliyetaja na aliyeandika, wanatia sahihi hapo.

Sasa, huwezi kumweka mtu mbele ya ndege mia nane kila mwezi ukategemea asiinue macho. Mwaka wa tatu walikuja wageni wawili wa chama, na kofia zao pana. Shemeji akataja, "Wadogo, sitini na wanne." Dada aliinua kichwa, akatazama kwa macho matupu, bila darubini, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hao mbona wanatembea kama wakubwa?" Wageni wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Shemeji akaona haya. "Wewe andika, Karani," akasema. Dada akaandika.

Jioni ile alinisimulia jikoni kwake huku akimenya vitunguu. Alisema mdogo anatembea kama mtu aliyesahau kitu ndani: hatua tatu, anasimama, anageuka, hatua tatu tena. Mkubwa anakimbia mpaka aridhike, hatua kumi na zaidi, kisha anasimama muda mrefu kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Akaniigizia katikati ya jiko, na kisu mkononi, hatua tatu kwenda kwenye ndoo, hatua kumi kwenda mlangoni. Nilicheka nikakaa chini. Hakuhitaji mdomo wala mguu, aliwajua kwa mwendo, jinsi mimi ninavyowajua wateja wangu kabla hawajafika kizingitini.

"Si umwambie sasa," nikamwambia.

"Ameshaniambia niandike."

"Basi umenuna?"

"Nani kanuna? Naandika."

Hapo ndipo utani ulipoanzia, na mwenye utani alikuwa mimi, nikubali tu. Dada akisema chai haina sukari, namwambia wewe andika. Akilalamika kwamba sketi niliyomshonea inavuta kiunoni, wewe andika, Karani. Ukoo mzima ukaudaka. Kwa miaka kumi na sita msemo ule ulizunguka nyumbani kwetu, naye alicheka pamoja nasi kila mara. Ningeweza kurudi nyuma ningeshona mdomo wangu kwa uzi wa viatu.

Alipougua tulichelewa kujua. Alikuwa akishika tumbo tu na kuendelea na majalada yake. Hospitali daktari alimuuliza maumivu yameanza lini, akajibu, "Mwaka jana, kabla ya mvua." Shemeji aligeuka akamtazama. "Mbona hukusema, Karani?" Akasema hakuulizwa, tena kwa upole kabisa, kama vile anatoa habari ya jalada lililohamishwa. Kitu kilikuwa tumboni, kilikuwa kimeenea, na hapakuwa na la kukata wala la kushona. Tukarudi naye nyumbani.

Siwezi kumsingizia shemeji. Alimwogesha, alimfulia, alimsomea magazeti mpaka matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Jioni moja nilifika nikamkuta amepiga magoti, anamwosha miguu kwenye beseni, na dada akasema, "Mwalimu, hesabu ya mwezi huu nataka kutaja mimi. Wewe uandike." Shemeji akakubali hapo hapo. Akanisindikiza mlangoni, akajifuta macho kwa mkono wenye povu. "Tangu nimuoe hajaniomba kitu," akaniambia. "Hii ya kwanza."

Tulikwenda watatu. Mimi nilibeba kiti na mwavuli, shemeji alibeba darubini na miguu yake mitatu, na kutoka kwenye gari mpaka ukingoni alimbeba na dada vilevile, kwa awamu. Maji yalikuwa yanapanda. Ndege walikuja makundi kwa makundi, wanatua, wanasogezana, na mimi niliona kokoto zinazotembea, basi. Dada aliinama kwenye darubini. Mgongo ulikuwa umebaki mifupa, lakini shingo ilikuwa ya mtu mwenye kazi. Akaanza kutaja kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtu anayejua. Sululu, tisa. Akaenda hivyo, akafika kwenye vitwitwi wa ukingo wa mbali, akakaa nao dakika nyingi. Wachache walikuwa bado wanakimbia kwenye tope lililobaki. Niliona midomo yake ikihesabu hatua.

"Wakubwa," akasema. "Mia na kumi na wawili."

Shemeji alichelewa kidogo, kisha nikasikia penseli ikikwaruza.

Alipomaliza, shemeji akampa daftari asome na kutia sahihi, sheria ni sheria. Dada akalishika mapajani muda mrefu. Nikadhani amechoka. Miwani yake ya kusomea ilikuwa inaning'inia shingoni, na sikumbuki kama aliivaa. Akasema, "Penseli." Akatia sahihi, na penseli ikagusa karatasi tena kabla hajairudisha. Kisha akamtazama mumewe.

"Mwandiko wako haujawahi kuwa mzuri, Mwalimu."

Tulicheka wote. Ndani ya gari alinilalia begani, akaniambia, "Leo nimewaona vizuri, mdogo wangu." Maneno hayo niliyaweka kama mtu anavyoweka nguo ya kutokea. Alifariki baada ya wiki tano, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Msiba ulipoisha na watu wakarudi makwao, kila nilipozidiwa nilijiambia kwamba angalau ile siku aliipata. Mara moja maishani dada yangu alitaja, na mtu akaandika.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, shemeji aliingia dukani kwangu na mfuko wa plastiki wenye madaftari. Alikuwa amekonda kuliko kawaida yake, na kawaida yake si mzaha. Shati lilikuwa nje ya suruali. Nikasimamisha cherehani.

"Shem, kaa," nikamwambia. Hakukaa.

Akaniambia chama kimeleta watu wa kunasa ndege kwa wavu pale mabwawani, kuwapima na kuwavisha pete za miguuni. Wamenasa vitwitwi thelathini na mmoja kwenye ukingo ule ule wa mbali, naye alikuwa mmoja wa washikaji. "Nilimshika wa kwanza mkononi. Nikaufuta mguu kwa kidole, tope likatoka. Kijani, Shem. Nikapima mdomo, milimita ishirini na tatu. Nikashika wa pili. Nimefuta miguu ya wote. Wakubwa ishirini na tisa, wadogo wawili."

"Si ndivyo alivyosema Dada?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi furahi. Umepata uhakika."

Hapo ndipo akakaa, juu ya kitambaa cha mteja, nami sikumwambia ainuke. "Siku ile sikuandika alichosema," akasema. "Niliandika wadogo."

Sikuelewa mara moja. Nilimtaka arudie, akarudia. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, nikauweka mezani taratibu kwa sababu sikuuamini mkono. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia aliomba kitu kimoja, kimoja tu, na wewe ukaona umnyime kitu kisichokugharimu hata mate. Hakujitetea sana. Alisema kwa miaka yote hawajawahi kuandika wakubwa zaidi ya kumi kwa siku. Alisema chama kingeuliza ni nani aliyetaja mia na kumi na wawili, kingejua ni mgonjwa, kingecheka. "Nilisema namlinda," akasema. "Nilikuwa na hakika, Shem. Nilikuwa na hakika kabisa."

Alichotaka kwangu kilikuwa hiki: apige mstari juu ya neno lile, aandike wakubwa pembeni, na mimi nitie sahihi badala ya dada, maana mstari bila sahihi ya aliyetaja hauhesabiki. Ningeweza kumfukuza. Lakini nilitaka neno la dada likae mle daftarini kuliko nilivyotaka kumwona shemeji akitoka na mkia katikati ya miguu. Nikamwuliza jambo moja tu. "Alijua?"

"Hapana. Alitia sahihi bila kusoma, macho hayakuwa na nguvu tena. Hilo namshukuru Mungu. Hakujua."

Nikashusha pumzi. Nikavuta mfuko, nikatoa daftari la juu, nikafungua popote, ili nipate pa kutazama pasipokuwa uso wake. Ule mwandiko. Kurasa na kurasa za mwandiko wa dada yangu, umetulia, kama mwenyewe ameingia jikoni kidogo anarudi. Na pembeni mwa mstari wa wadogo, nukta. Ndogo, ya penseli, imekandamizwa.

"Hii nini?"

"Ah, hizo zimejaa humo. Ni tabia yake tu, kupumzisha penseli."

Mimi ni fundi. Nikiona alama kwenye kitambaa najua kama ni uchafu au ni chaki ya mtu aliyepima. Nikafungua ukurasa mwingine. Sululu hana nukta, wengine wote hawana. Wadogo wana nukta mwezi huu, mwezi ujao hawana, unaofuata wanayo. "Lete la zamani kabisa," nikamwambia. Kwenye daftari la kwanza hazikuwepo, mwaka wa kwanza safi, wa pili safi. Mwaka wa tatu nikakuta siku ya wageni wa kofia. Wadogo sitini na wanne, na pembeni, nukta ya kwanza.

Shemeji aliitazama, halafu akaanza kufungua mwenyewe, haraka, akilinganisha, na mimi nikamwona akielewa. Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi cha kumwona mtu mzima akifanya. Kila mahali ambapo mkewe aliona tofauti, aliandika alichoambiwa na akaweka nukta. Miaka kumi na sita. Tulikuwa tunamcheka, naye alikuwa anaandika kweli.

Akatoa karatasi nyeupe na penseli. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. "Wewe taja," akaniambia. "Taja kila yenye nukta. Mimi naandika."

Nikataja. Tarehe, idadi, nukta. Mteja mmoja aliingia kuchukua gauni, akatutazama, akatoka bila kuuliza. Mchana ukapita hatujala. Sauti ilikuwa imenikauka tulipofika daftari la mwisho, na ulipobaki ukurasa mmoja shemeji akaweka mkono juu yake.

"Huo acha," akasema. "Huo niliandika mimi."

Nikauondoa mkono wake. Ukurasa ulikuwa wa mwandiko wake mbaya, herufi zinaangukiana, na chini kabisa sahihi ya dada inayotetemeka. Nikapandisha kidole mpaka kwenye vitwitwi. Wadogo, mia na kumi na wawili. Pembeni palikuwa na nukta, ndogo, imekandamizwa kwa nguvu zote alizokuwa amebakiza.

"Ipo," nikasema.

Shemeji alikuwa na penseli juu ya karatasi. Aliniuliza ni tarehe ngapi, ingawa aliijua, nami nikamtajia. Hakuandika.